Je, Kuna Dhuluma Pasipo Mdhalimu?

Mtu akiambiwa kwamba mahali fulani pana dhuluma, neno la kwanza litokalo kinywani mwake ni hili: "Nani aliyeifanya?" Twauliza hivyo kwa sababu twadhani ya kuwa dhuluma ni kama moshi na mdhalimu ni kama moto, wala huo hauonekani asipokuwapo huyo. Kwa hiyo tukimtafuta mdhalimu tusimpate, twarudi nyumbani tumeridhika, twasema, "Hapana aliyekusudia ubaya, basi hapana ubaya." Lakini je, ni kweli? Yawezekana kanuni itungwe kwa nia safi, ishikwe na watu wema, isimtaje mtu ye yote kwa chuki, na pamoja na hayo imfungie mtu nje siku zote za maisha yake? Na ikiwa yawezekana, lawama ni ya nani?

Jambo hili ni zito, na tukianza kulinena kwa habari za wanadamu, mara mioyo yapata moto, kila mtu akatetea upande wake. Afadhali kwanza tuwaite mashahidi wasio na jamaa wala adui, nao ni namba. Namba hazina choyo, hazipokei rushwa, wala hazina kinyongo cha jana. Tukiona ya kuwa kati yao kanuni imemfungia mmoja nje, hakuna atakayeweza kusema kwamba ni kwa ajili ya chuki. Kisha tutarudi kwa wanadamu.

Namba mbili zaweza kuwa na undugu kwa njia nyingi. Nitazitaja njia mbili tu. Njia ya kwanza ni ya vigawo. Namba 12 yagawanyika kwa 2 na kwa 3, na namba 15 yagawanyika kwa 3 na kwa 5; basi 12 na 15 zina kigawo cha shirika, ndicho 3. Lakini 8 na 9 hazina kigawo cha shirika ila 1, na hicho hakihesabiwi, maana ni cha wote. Namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11, tumezoea kuziita namba tasa. Jina hilo si la heshima, kwa maana tasa ni yule asiyezaa. Na kumbe kila namba nyingine iliyo kubwa kuliko 1 imezaliwa kwa kuzidisha hizo. Namba 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 35 ni 5 mara 7. Basi hao tuwaitao tasa ndio mama wa wengine wote. Upungufu wao ni mmoja tu: kila mmoja ana kigawo kimoja cha kushirikiana na wenziwe, hana cha pili.

Njia ya pili ni ya mawe ya mizani. Mwenye duka akiwa na mawe ya kilo 1, 2, 4, 8 na 16, kila jiwe moja tu, aweza kupima uzito wo wote kamili tangu kilo 1 hata kilo 31, na kwa kila uzito iko njia moja tu ya kuyachagua mawe. Akitaka kilo 5 atwaa la 4 na la 1. Akitaka kilo 10 atwaa la 8 na la 2. Sasa, ukianza na jiwe lililo kubwa, uandike 1 mahali pa jiwe lililotwaliwa na 0 mahali pa jiwe lililoachwa, basi 5 yaandikwa 101, na 10 yaandikwa 1010. Huo ndio uandishi wa namba kwa tarakimu mbili tu, alioueleza Leibniz, mwenye hekima wa Ujerumani, katika makala yake ya mwaka 1703, na ambao siku hizi watumika ndani ya kila kompyuta. Kwa njia hii twasema namba mbili ni ndugu zikiwa zashiriki jiwe, hata likiwa moja tu. Na hapa nako wako walio na kitu kimoja tu: 1, 2, 4, 8, 16, kila mmoja ni jiwe moja peke yake.

Angalia, msomaji, jinsi njia hizi mbili zisivyopatana. Namba 5 na 10 zina kigawo cha shirika, lakini hazina jiwe la shirika hata moja. Namba 8 na 9 zashiriki jiwe la 8, lakini hazina kigawo cha shirika. Walio ndugu kwa kipimo hiki ni wageni kwa kipimo kile. Basi mtu asemaye, "Hawa wawili hawana lo lote la shirika," hajatimiza neno lake mpaka ataje kipimo alichokitumia.

Wako watu waliozichunguza sana safu za namba zitungwazo kwa undugu wa namna hii. Mmoja wao ni Neil Sloane, aliyezaliwa Wales mwaka 1939. Alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1964, alianza kukusanya safu za namba za kila aina. Akazitoa katika kitabu mwaka 1973, na katika kitabu kikubwa zaidi mwaka 1995 pamoja na Simon Plouffe, na tangu mwaka 1996 mkusanyo huo wapatikana katika intaneti. Sasa safu zilizomo zimezidi 350,000. Katika hizo nitachagua tatu. Tuzifikiri kama vyama vitatu: wanachama ni namba, nao waingia mmoja mmoja, na kila chama kina kanuni yake ya kusema ni nani atakayefuata.

Chama cha kwanza kina kanuni nyepesi. Aingie 1, kisha 2. Tangu hapo na aingie yule aliye mdogo kuliko wote walio nje bado, mradi awe na kigawo cha shirika na yule aliyeingia mwisho. Safu yake ni hii: 1, 2, 4, 6, 3, 9, 12, 8, 10, 5, 15, 18, 14, 7, 21, na kuendelea. Aliyeibuni ni Jonathan Ayres, nayo yaitwa safu ya EKG, kwa kuwa picha yake yapanda na kushuka kama mchoro wa mapigo ya moyo uchorwao kwa mashine hospitalini. Katika chama hiki namba tasa hukawia. Namba 3 yaingia mahali pa 5, namba 5 mahali pa 10, namba 7 mahali pa 14, na namba 11 mahali pa 20. Kila moja hungoja mpaka aje yule aliye maradufu yake amshike mkono: 6 yaileta 3, 10 yaileta 5, 14 yaileta 7, na 22 yaileta 11. Mwaka 2008 Piotr Hofman na Marcin Pilipczuk walithibitisha ya kuwa ndivyo ilivyo kwa kila namba tasa iliyo witiri, hata safu iendelee mpaka wapi. Na kabla yao, mwaka 2002, Jeffrey Lagarias, Eric Rains na Sloane walikuwa wamekwisha kuthibitisha neno lililo kubwa zaidi: katika chama hiki kila namba itaingia siku yake, wala haiko hata moja itakayobaki nje.

Chama cha pili kina masharti mawili. Waingie 1, 2 na 3. Kisha na aingie aliye mdogo kuliko wote walio nje, mradi asiwe na kigawo cha shirika na yule aliyeingia mwisho, bali awe nacho pamoja na yule aliyemtangulia huyo. Ni kana kwamba kila aingiaye ampita jirani yake, amtafute ndugu yake aliye nyuma ya jirani. Safu ni 1, 2, 3, 4, 9, 8, 15, 14, 5, 6, na kuendelea. Safu hii yaitwa Yellowstone, kwa jina la mbuga ile ya Marekani penye chemchemi zirushazo maji ya moto juu, maana picha yake yafanana nazo. Mwaka 2015 Sloane na wenzake watano walithibitisha kwamba hapa pia kila namba itaingia.

Sasa tuje kwa chama cha tatu. Hiki kimeyatwaa masharti yale yale mawili ya chama cha pili, kikayabadilisha mahali pake tu. Kila aingiaye awe na kigawo cha shirika na yule aliyeingia mwisho, bali asiwe nacho pamoja na yule aliyemtangulia huyo. Basi. Hakuna neno lililoongezwa wala lililopunguzwa. Jina lake nalo ni Yellowstone lililosomwa kutoka nyuma: Enots Wolley. Safu hii, iliyoingizwa katika mkusanyo mwaka 2020, yaanza hivi: 1, 2, 6, 15, 35, 14, 12, 33, 55, 10, na kuendelea.

Aitazamaye safu hii kwa haraka haoni ubaya wo wote. Wanachama wapya waingia kila mara, wakubwa kwa wadogo, na mlango haufungwi kamwe. Lakini na atafute 3. Hayumo. Na atafute 5, au 7, au 11. Hawamo, wala hawatakuwamo milele. Tena si hao peke yao. Hata 4, 8, 9, 25 na 27 wamebaki nje, yaani kila namba iliyojengwa kwa namba tasa moja tu.

Sababu yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Chukua mwanachama ye yote aliye katikati ya safu, mwenye jirani wa mbele na jirani wa nyuma. Ni lazima awe na kigawo cha shirika na yule aliyemtangulia. Ni lazima awe na kigawo cha shirika na yule amfuataye pia. Lakini hao majirani zake wawili hawaruhusiwi kushiriki kigawo wao kwa wao. Basi kigawo ampacho huyu hakiwezi kuwa kile ampacho yule. Ni lazima awe na viwili mbalimbali. Mwenye kimoja tu hawezi kusimama hapo. Ilivyokuwa 2 ni kwa sababu aliwekwa mlangoni tangu mwanzo kabla ya kanuni kuanza kazi. Yeye peke yake kati ya namba zote tasa ndiye aliyeingia.

Tena, tukipima kwa mawe ya mizani, twaona vivyo hivyo. Tuseme 1 na 3 wameingia. Amfuataye 3 ashiriki jiwe naye, wala asishiriki na 1. Aliye mdogo kuliko wote wafaao ni 2. Lakini akiingia 2, nani atakayemfuata? Ni lazima ashiriki jiwe na 2, wala asishiriki na 3. Na jiwe la 2 limo ndani ya 3. Hakuna awezaye, na safu imekufa pale pale. Basi ili safu ipate kuishi, 2 aachwe na 6 aingie, kisha 4 aachwe na 12 aingie, kisha 8 aachwe na 9 aingie. Kila mwenye jiwe moja huwekwa kando, si kwa kuwa amekosa, bali kwa kuwa kuingia kwake kungefunga njia.

Hapa ndipo shahidi wetu aliposema neno alilokuja kulisema. Mlinzi wa mlango hana chuki na namba tasa. Ukimwuliza kwa nini amemkataa 3, atajibu kwa upole kabisa, "Naam, nampenda, lakini nikimkubali, chama chakoma. Je, wataka nikiangamize chama kizima kwa ajili ya mmoja?" Jibu lake ni la kweli. Nalo lafanana sana na majibu ambayo wanadamu husikia milangoni mwa nyumba nyingi zenye heshima.

Basi turudi kwa wanadamu. Fikiri chama cha kusaidiana katika mji, chenye watu wema. Waona hatari mbili. Ya kwanza, kupokea mtu asiyejulikana, akatoroka na fedha. Ya pili, ukoo mmoja kukijaza chama na kukifanya mali yao. Wakatunga kanuni: kila mtu mpya aletwe na yule aliyeingia mwisho, ambaye amjua vema, bali asiwe wa nyumba moja na yule aliyemtangulia huyo. Nani atakayeilaumu kanuni hii? Yazuia wezi na yazuia upendeleo. Lakini yuko mjane aliyehamia mji ule, naye ajuana na watu wa nyumba moja tu. Mtu wa nyumba ile aweza kumleta. Je, yeye atamleta nani? Wote anaowajua ni wa nyumba ile ile, nao wamezuiwa. Basi wazee wa chama wasema, "Tukimpokea huyu, safu yakwama, tumwache, tumtafute mwenye jamaa wengi." Wamwacha leo, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu. Hapana siku hata moja ambayo mtu alisimama akasema, "Wajane wageni wasiingie." Lakini hawamo. Na ndio waliohitaji msaada kuliko wote.

Namba zatufundisha pia kwa nini wema wale hawaoni neno hili. Kwanza, aliyefungiwa nje haonekani katika daftari. Daftari laonyesha walioingia tu, nao ni wengi, tena waongezeka. Mwenye kulisoma aridhika. Anayetaka kujua haki ya kanuni hapaswi kuuliza tu, "Ni nani waliomo?" yampasa aulize, "Ni nani wasiokuwamo, na kwa nini?" Pili, mwenye kukawia na mwenye kunyimwa wafanana machoni. Ukihesabu wanachama 19 wa kwanza wa chama cha kwanza, na 19 wa kwanza wa chama cha tatu, 11 hayumo kote kuwili. Lakini kule yu karibu kuingia, na huku hataingia abadani. Ukimwambia mtu, "Subiri, zamu yako yaja," nawe hujaifuata kanuni mpaka mwisho wake kuona kama ana zamu, huenda umemlipa kwa sarafu isiyo na thamani. Subira ni njema kwa yule ambaye zamu yake ipo kweli.

Najua ya kuwa mtu aweza kunipinga. Atasema, "Namba haina njaa. Namba 3 ikiachwa nje ya safu haikupungukiwa na kitu. Basi waitaje jambo hilo dhuluma?" Nakubali. Katika safu ya namba hapana dhuluma, wala sikusema ipo. Namba zimetuonyesha jinsi mtu awezavyo kufungiwa nje pasipo kuchukiwa. Kwamba ni vibaya kumfungia hivyo, hatukulijua kwa namba, twalijua kwa kuwa mjane ana njaa.

Mwingine atasema, "Kila kanuni humwacha mtu nje. Shule haiwezi kupokea watoto wote, wala mashua haiwezi kuchukua abiria wote." Hilo nalo ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kanuni isemayo wazi nani amwachaye na kwa sababu gani, na kanuni imwachayo mtu bila kumwambia, wala bila waliyoitunga kujua. Mashua ikijaa, abiria aona kwa macho yake kwamba imejaa, akatafuta nyingine. Bali mtu aliyefungiwa na kanuni isiyomtaja hubaki akijilaumu, akidhani kosa ni lake. Na watu wampitao humwita kwa jina la upungufu wake, kama tulivyoziita namba zile tasa, na huku wao wenyewe wameumbwa kwa hizo hizo.

Basi tujibu swali letu. Je, kuna dhuluma pasipo mdhalimu? Nasema ndiyo, kwa muda. Waliotunga kanuni kwa nia njema, wasione mwisho wake, hatuwezi kuwaita wadhalimu; hakuna mtu awezaye kuona mwisho wa kila neno alilolinena. Lakini siku ile mtu atakapowaonyesha mjane aliye nje ya mlango, na sababu ya kubaki kwake nje, hali yao imebadilika. Tangu siku hiyo kanuni si mtoto aliyezaliwa kwa bahati. Ni mtoto anayelelewa. Wakisema, "Hatukukusudia," twawaamini kwa habari ya jana. Kwa habari ya kesho, kutokukusudia hakutakuwa udhuru tena, maana sasa wajua. Dhuluma yaweza kuzaliwa pasipo mdhalimu, lakini haiwezi kulelewa pasipo yeye.

Wala dawa si lazima iwe kubwa. Vyama vya pili na vya tatu vilikuwa na masharti yale yale. Mahali pake tu palibadilishwa, na kila namba ikapata njia. Kwa hiyo asijitetee mtu kwa kusema, "Tukimpokea huyu, chama chakoma." Huenda ni kweli kwa kanuni iliyopo, lakini kanuni iliyopo haikushuka pamoja na mvua. Ilitungwa na watu, nao waweza kuitunga upya. Mlinzi wa mlango wa namba hana mamlaka ya kuibadili kanuni yake, sisi tunayo. Basi kila mwenye kutunga kanuni, iwe ya chama, ya shule au ya nyumba yake mwenyewe, na aifuate kwa mawazo yake hatua kwa hatua mpaka imfikie yule aliye na kitu kimoja tu mkononi, aone kama atapata mahali pa kusimama. Akiona hapati, kazi ya kutunga haijaisha.